Jina halileti anwani ya IP: anza kwa kujua nani aliyejibu

Tovuti haifunguki, barua pepe hazitoki, programu ya mauzo inadai haiioni seva. Fundi wa kwanza anazima na kuwasha ruta. Wa pili anabadili DNS, yaani mfumo wa kugeuza jina kuwa anwani ya IP (namba ya mashine mtandaoni), iwe 8.8.8.8 ya Google. Pengine tatizo linaondoka, lakini hakuna anayejua limeondokaje, na baada ya wiki linarudi. Mwongozo huu unakwenda kwa dalili: unachokiona kwenye kioo, kinachokisababisha, na amri ya kukithibitisha kabla hujagusa mpangilio wowote.

Amri zimeandikwa kama zinavyochapwa. Jina duka.example na anwani zinazoanza na 203.0.113 zimetengwa rasmi kwa ajili ya mifano tu, kwa hiyo weka jina lako mahali pake.

Swali linapita mikononi mwa nani

Ukiandika www.duka.example, kompyuta huanza kujitafutia yenyewe: kwanza faili la hosts (orodha ya majina na anwani iliyomo ndani yake), kisha akiba yake ya majibu ya karibuni. Ikikosa, inauliza rizolva, yaani ile seva ya DNS ambayo ruta, ofisi au kampuni ya simu imekupa. Rizolva ikiwa haina jibu kwenye akiba yake nayo, inapanda hadi juu kwa seva za mzizi, zenye majina 13, kuanzia a.root-servers.net hadi m.root-servers.net. Hizo hazilijui duka lako. Kazi yao ni kuelekeza tu: "majina ya .tz waulize hawa, ya .com waulize wale." Seva za .tz nazo zinaelekeza kwa seva za domeni yenyewe, ambazo ndizo zenye neno la mwisho. Jibu linarudi moja kwa moja kwa rizolva, kisha kwa kompyuta yako, na kila aliyelipokea analiweka akiba kwa muda ulioandikwa kwenye rekodi.

Mfumo huu ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Kabla yake kulikuwa na faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na taasisi ya utafiti ya SRI huko California, na kila mashine ilijichukulia nakala. Faili la hosts lililomo kwenye kompyuta yako leo ni mabaki ya utaratibu ule, na bado mstari wake mmoja unatosha kuifunika DNS nzima.

Kinachowapotosha wengi ni kwamba zana hazipiti njia moja. Kwenye Windows, nslookup hairudi kwenye faili la hosts wala kwenye akiba ya kompyuta. Inakwenda moja kwa moja kwa rizolva. Lakini ping hupitia mfumo wa kompyuta wote, pamoja na hosts na akiba. Brauza nayo inaweza kuwa na rizolva yake ya siri ambayo kompyuta haina habari nayo. Kwa hiyo nslookup ikitoa anwani moja na ping ikatoa nyingine, zote mbili zinasema kweli, ila zimeuliza watu tofauti.

Vipimo vya dakika moja

Chapa `ping 8.8.8.8`. Ikijibu, mtandao upo na unaweza kuendelea na DNS. Isipojibu, angalia kwanza bando, waya na Wi-Fi, ukikumbuka kwamba mitandao mingine ya ofisi huzuia ping makusudi.

Kisha `nslookup www.duka.example`, na baada yake `nslookup www.duka.example 1.1.1.1`. Amri ya pili inamruka rizolva wako na kuuliza ya nje. Ya kwanza ikishindwa na ya pili ikifaulu, mkosaji ni rizolva yako au njia ya kuifikia. Zikishindwa zote kwa namna moja, huenda tatizo liko kwenye domeni yenyewe. Ila angalia: mtandao unaozuia maswali yote ya DNS yanayotoka nje nao utakupa sura hiyohiyo. Kulitenganisha hilo, uliza jina ambalo hakika lipo, mfano `nslookup dns.google 1.1.1.1`, ambalo linapaswa kuleta 8.8.8.8 na 8.8.4.4.

Chapa jina peke yake. `nslookup https://www.duka.example/bei` haitafanya kazi kamwe, kwa sababu DNS haijui https wala mkwaju. Jina likiwa limenakiliwa kutoka WhatsApp au PDF, lichape upya kwa mkono. Nafasi isiyoonekana mwishoni inatosha kuliharibu.

Mambo mawili ya nslookup huwatisha watu bure. "Server: UnKnown" maana yake ni kwamba anwani ya rizolva yako haina jina la kurudi nyuma, basi, majibu yake ni halali. Na "Non-authoritative answer" inasema tu kwamba jibu limetoka kwa rizolva na si kwa seva ya domeni yenyewe, jambo ambalo ndilo la kawaida.

Kusoma jibu la dig

Kwenye Linux na Mac, zana bora ni dig. Ubuntu na Debian wanaipata kwa kusakinisha dnsutils au bind9-dnsutils. Jibu lake, likipunguzwa, linafanana na hili:

```
;; ->>HEADER<<- opcode: QUERY, status: NOERROR, id: 40112
;; flags: qr rd ra; QUERY: 1, ANSWER: 1, AUTHORITY: 0

;; ANSWER SECTION:
www.duka.example.   2714   IN   A   203.0.113.25

;; Query time: 3 msec
;; SERVER: 192.168.1.1#53
```

Anza kusoma chini. SERVER inakwambia nani aliyejibu, hapa ni ruta ya nyumbani. Query time ya milisekunde 3 inaonyesha jibu limetoka kwenye akiba ya jirani. Swali lililosafiri hadi seva za ng'ambo huchukua makumi au mamia ya milisekunde. Namba 2714 ni sekunde zilizobaki kabla jibu hili halijatupwa, yaani kama dakika 45. Rudia amri baada ya sekunde kumi: ikisoma 2704, unasomewa akiba. Ikibaki namba ileile ya duara, kama 3600, kila mara unajibiwa na seva ya domeni yenyewe, na kwenye mstari wa flags utaona herufi aa.

Kisha status. Hilo neno moja ndilo linaloamua uende sehemu ipi ya mwongozo huu.

Kwenye Ubuntu, SERVER mara nyingi husoma 127.0.0.53. Hiyo si seva ya nje. Ni huduma ya systemd-resolved ndani ya mashine hiyohiyo, yenye akiba yake na inayosoma /etc/hosts. Rizolva halisi iliyo nyuma yake utaiona kwa `resolvectl status`. Ukitaka kuipita, taja seva mwenyewe: `dig @1.1.1.1 www.duka.example`.

Hakuna jina lolote linalofunguka, ila ping 8.8.8.8 inajibu

Tazama rizolva uliyopewa: `ipconfig /all` kwenye Windows, `scutil --dns` kwenye Mac, `resolvectl status` au `cat /etc/resolv.conf` kwenye Linux.

Kisa cha kawaida ni kompyuta ya ofisini iliyowekewa DNS kwa mkono, tuseme 10.0.0.5, kisha ikapelekwa nyumbani. Nyumbani hakuna 10.0.0.5. Rudisha mpangilio uwe wa kupokea wenyewe kutoka kwenye ruta. VPN iliyokatika vibaya huacha jeraha hilohilo: rizolva ya ofisi inabaki imeandikwa ilhali handaki la kuifikia halipo. Iwashe VPN na uizime kwa utaratibu, au zima na kuwasha kadi ya mtandao.

Ikiwa rizolva ni ruta yenyewe, kwa mfano 192.168.1.1, na haijibu ilhali `nslookup dns.google 1.1.1.1` inajibu, basi ni programu ndogo ya DNS ndani ya ruta iliyokwama. Hapo kuizima na kuiwasha ruta ni dawa halali, kwa sababu umeshathibitisha ugonjwa. Ikirudiarudia, ingia kwenye ruta uiambie igawe 1.1.1.1 na 9.9.9.9 moja kwa moja kwa vifaa vyote badala ya kujitaja yenyewe.

Hotelini au uwanja wa ndege hali ni nyingine. Mtandao unasubiri uingie kwenye ukurasa wa nenosiri, na ukurasa huo hufanya kazi kwa kuyateka maswali yako ya DNS. Simu ya Android, kuanzia toleo la 9, ina mpangilio wa DNS ya Faragha unaofunga maswali hayo kwa usimbaji kwenye poti 853. Ukiwa umeandika humo jina la seva maalumu, simu haitakubali kutekwa na ukurasa hautatokea. Uzime kwa muda, ingia, kisha uuwashe tena.

NXDOMAIN: jina halipo

Hili ni jibu kamili, si kushindwa kujibu. Mtu mwenye mamlaka amesema jina hilo halipo. Chrome huliandika DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN.

Hakikisha tahajia, kisha fuata njia nzima kwa `dig +trace www.duka.example`, ambayo huanza kwenye mzizi na kushuka hatua kwa hatua ikikuonyesha kila aliyeulizwa. Ikikatikia kwenye seva za .com au .tz, domeni yenyewe haijulikani huko: haijasajiliwa, muda wake umeisha, au imesimamishwa. Tafuta kwa whois, huduma inayoonyesha taarifa za usajili wa domeni. Ukiona hali ya clientHold au serverHold, domeni ipo ila imeondolewa kwenye DNS, mara nyingi kwa sababu ya malipo au uthibitisho wa barua pepe ambao haukufanywa.

Ikifika hadi kwenye seva za domeni na huko ndiko jina linakokanwa, rekodi haikuandikwa, au imeandikwa vibaya. Kosa ninaloliona sana kwenye mafaili ya zoni (orodha ya rekodi za domeni) ni nukta iliyosahaulika. Ukiandika

```
www   IN   CNAME   tovuti.duka.example
```

bila nukta mwishoni, seva inaongeza jina la zoni, na www inaelekezwa kwa tovuti.duka.example.duka.example, jina ambalo halipo popote. Nukta moja mwishoni inamaliza kazi.

Halafu kuna mtego wa kujaribu mapema. Unaliuliza jina jipya kabla ya kuliunda, unapata NXDOMAIN, unaenda kuandika rekodi, unauliza tena na bado NXDOMAIN. Rizolva imeweka akiba hata ule ukanushaji. Muda wake unatokana na rekodi ya SOA ya domeni, ile yenye maelezo ya msingi ya zoni, namba ya mwisho kabisa kwenye mstari, ambayo mara nyingi ni 3600. Ukishaandika rekodi, muulize mwenyewe wa zoni kwa `dig @` na jina la seva yake. Akijibu sawa, kazi yako imekwisha na kilichobaki ni kusubiri saa hiyo moja. Kuanzia siku hiyo, andika rekodi kwanza ndipo uulize.

NOERROR lakini ANSWER: 0

Jina lipo, ila halina rekodi ya aina uliyoomba. Kila rekodi ina aina yake: A ni anwani ya IPv4 yenye biti 32, AAAA ni ya IPv6 yenye biti 128, MX ni ya barua pepe. Domeni inayotumika kwa barua pepe tu inaweza kuwa na MX bila A yoyote, na hapo `ping duka.example` itashindwa hata kama kila kitu kimepangwa vizuri. Jaribu pia na www mbele; ni majina mawili tofauti, na wengi huandika rekodi ya moja wakasahau nyingine.

SERVFAIL: rizolva imejaribu ikashindwa

Hapa pana sababu mbili kubwa, na amri moja huzitenganisha: `dig +cd www.duka.example`. Herufi cd zinaiambia rizolva isikague saini za DNSSEC, yaani saini za kidijitali zinazothibitisha kwamba jibu halikughushiwa.

Ukipata jibu kwa +cd na SERVFAIL bila +cd, saini ndizo mbovu. Ama zimepitwa na muda, ama mwenye domeni amehamia kampuni nyingine ya DNS na kuacha rekodi ya DS ya zamani (ile inayotambulisha ufunguo wa saini) kwa msajili wake. Huwezi kulitibu hilo ukiwa upande wa mtumiaji. Mwenye domeni lazima aiondoe au aibadilishe DS. Usiingie kwenye tabia ya kuzima ukaguzi wa saini kwa sababu ya domeni moja.

Kabla ya kumlaumu mwenye domeni, tazama saa. Saini zina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayokagua saini yenyewe, ambayo betri yake ya CR2032 imekufa, huamka baada ya umeme kukatika ikiamini ni mwaka wa zamani, na kila saini inaonekana bado haijaanza. Kinachofuata ni fundo: ili kurekebisha saa inahitaji seva ya muda, na ili kuipata seva ya muda inahitaji DNS. Rekebisha saa kwa mkono, badilisha betri, na kwa mashine zisizo na betri ya saa ongeza seva moja ya NTP (yaani ya muda) kwa namba yake ya IP badala ya jina.

Ikiwa +cd nayo inaleta SERVFAIL, basi rizolva haizifikii seva za domeni. Mfano mkubwa ulionekana tarehe 4 Oktoba 2021. Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea duniani kote kwa takriban saa 6, kwa sababu njia za BGP (mfumo wa mitandao kuelekezana) za kuzifikia seva za DNS za kampuni hiyo ziliondolewa kwenye intaneti. Rekodi zilikuwepo, seva zilikuwa zinawaka, lakini hakuna rizolva iliyoweza kufika, na watumiaji wakapewa SERVFAIL. Kwa domeni ndogo, sababu huwa ya kawaida zaidi: seva zote mbili za DNS ziko kwenye mashine moja, na mashine imezimika.

REFUSED: nimekusikia, sikujibu

Rizolva za makampuni ya simu kwa kawaida huwajibu wateja wao tu. Ukiwa umeandika kwa mkono DNS ya mtandao mmoja kisha ukabadili laini, rizolva ile inaweza kukukatalia. Futa uliyoandika.

Ukiiuliza seva ya domeni yenyewe na ikakataa, maana yake zoni haipo kwake: akaunti ya kampuni ya kupangisha tovuti imefungwa, au kwa msajili bado yameandikwa majina ya seva za kampuni ya zamani. Linganisha kwa `dig NS duka.example +short` na yale uliyopewa na kampuni ya sasa. Ukiwa hapo, chapa pia `dig +nssearch duka.example`. Inaonyesha namba ya toleo la zoni kwa kila seva. Seva moja ikisoma 2025031402 na nyingine 2025031401, kuna mtu alihariri zoni na nakala haijachukuliwa. Na ukihariri bila kuongeza namba hiyo, seva za pili hazitachukua chochote; nusu ya wateja wataona rekodi mpya na nusu ya zamani, bila mpangilio unaoeleweka.

nslookup iko sawa, lakini ping na programu zinakataa

Fungua faili la hosts: `C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts` kwenye Windows, `/etc/hosts` kwingineko. Tafuta mstari wenye jina lako. Mara nyingi ni jaribio la mtengeneza tovuti aliyeuacha hapo miezi iliyopita. Ukihariri kwa Notepad, ifungue kama msimamizi, na uhakikishe hukuhifadhi hosts.txt; Windows hailisomi jina hilo, nawe utashinda ukishangaa kwa nini mabadiliko hayafanyi kazi.

Faili likiwa safi, futa akiba: `ipconfig /flushdns` kwenye Windows, `resolvectl flush-caches` kwenye Linux yenye systemd-resolved, na kwenye Mac `sudo dscacheutil -flushcache; sudo killall -HUP mDNSResponder`. Ili kuuliza kwa njia ileile inayotumiwa na programu, tumia `Resolve-DnsName` ndani ya PowerShell au `getent ahosts www.duka.example` kwenye Linux.

Majina ya .local yana kesi yake. Ofisi nyingi zilijipa domeni ya ndani kama ofisi.local, lakini mwisho huo umetengwa kwa mDNS, ile ya vifaa kuitana vyenyewe ndani ya mtandao mmoja. Kwenye Linux, mstari wa hosts ndani ya /etc/nsswitch.conf ukiwa na `mdns4_minimal [NOTFOUND=return]`, utafutaji unaishia hapo kabla ya kufika DNS: dig inapata, getent inakosa. Sogeza neno dns liwe kabla ya mdns4_minimal. Kwa mtandao mpya, tumia tawi la domeni unayoimiliki.

Ikiwa kila kitu kinapata isipokuwa brauza moja, angalia kama imewashiwa DNS iliyosimbwa kupitia HTTPS. Hiyo inapita poti 443 kwenda rizolva nyingine kabisa, kwa hiyo majina ya ndani ya ofisi yanaweza yasipatikane.

Seva imehamishwa, wengine bado wanakwenda kwa ya zamani

Hakuna kinachosambaa wala hakuna wa kumhimiza. Kila rizolva inatunza jibu la zamani hadi sekunde zake ziishe. TTL, yaani idadi ya sekunde hizo, ikiwa 86400, mtu aliyeuliza dakika moja kabla ya kuhama atabaki na anwani ya zamani karibu siku nzima. Utaratibu ni kushusha TTL hadi 300 mapema, angalau muda mmoja kamili wa TTL ya zamani kabla ya kuhama, ndipo ubadilishe anwani. Seva ya zamani iache ikiwaka siku mbili zaidi. Ukichelewa kushusha, hakuna njia ya mkato, subiri.

Usichanganye hali hii na tovuti kubwa zinazotoa anwani tofauti kwa kila mtu. Anayeuliza akiwa Mombasa na anayeuliza akiwa Muscat wanaweza kuelekezwa kwenye mashine tofauti, kila mmoja iliyo karibu naye, na hilo limepangwa hivyo.

Jina linapatikana, lakini baada ya sekunde 5

Pima kwa saa. Linux husubiri seva ya kwanza kwenye resolv.conf sekunde 5 kabla ya kujaribu ya pili, kwa hiyo ucheleweshaji wa 5 kamili kwa kila jina jipya unamaanisha seva ya kwanza kwenye orodha imekufa. Jaribu kila moja kwa `dig @` na anwani yake, kisha iondoe iliyokufa. Mistari ya nameserver ikizidi mitatu, ya nne haisomwi.

Zikiwa zote hai na bado ni sekunde 5, kisababishi kinaweza kuwa ruta au fayawoli. Linux hutuma swali la A na la AAAA kwa pamoja kutoka poti moja, na vifaa vingine hurudisha jibu moja tu na kulitupa jingine. Ongeza `options single-request-reopen` kwenye resolv.conf. Likitibu, umeshamjua mkosaji.

Majina machache tu yakisumbua, hasa yenye majibu marefu, chapa `dig +tcp www.duka.example`. Watu hufungua poti 53 ya UDP (njia nyepesi ya kutuma data) kwenye fayawoli wakaisahau ya TCP (ile inayobeba majibu marefu). Jibu lisiloenea kwenye pakiti ya UDP lazima lirudiwe kwa TCP.

Anwani imepatikana na bado hakuna kinachofunguka

Ping ikionyesha anwani kisha ikasema "Request timed out", DNS imemaliza kazi yake. Seva nyingi hazijibu ping kabisa.

Kuichapa anwani kwenye brauza si kipimo. Seva moja inaweza kubeba tovuti mia kwenye anwani moja, na huzitofautisha kwa jina lililoombwa. Ukija na namba tupu, utapewa tovuti nyingine, kosa, au onyo la cheti. Tumia `curl -v --resolve www.duka.example:443:203.0.113.25 https://www.duka.example/`, inayopeleka jina sahihi kwa anwani unayotaka kuijaribu.

Ukiandika namba kwa mkono, usiweke sifuri mbele. Mifumo mingi husoma 010 kama namba ya msingi wa nane, hivyo 192.168.010.1 inakuwa 192.168.8.1.

Jina likiwa na AAAA ilhali mtandao wako hauna njia ya IPv6, brauza huvumilia kwa kujaribu zote mbili, lakini programu nyepesi hukaa zikisubiri. Linganisha `curl -4` na `curl -6`.

Na jina la benki likikuletea anwani ambayo 1.1.1.1 na 9.9.9.9 haziijui, ingia kwenye ruta usome DNS iliyoandikwa humo. Virusi vya DNSChanger vilifanya kazi kwa ubadilishaji huohuo; seva za muda zilizowekwa badala ya zile za wahalifu zilizimwa tarehe 9 Julai 2012, lakini mbinu haijafa. Rudisha ruta kwenye mipangilio ya kiwandani, weka nenosiri jipya, sasisha programu yake, na zima uwezo wa kuisimamia kutoka nje.

Kwa waandishi wa programu

Usitumie gethostbyname kwenye kazi mpya. Inatoa IPv4 na haijui IPv6. Tumia getaddrinfo na ujaribu anwani zote inazorudisha, si ya kwanza tu. Tofautisha makosa: EAI_NONAME, "Name or service not known", ni jina lisilopatikana, na kurudia hakusaidii. EAI_AGAIN, "Temporary failure in name resolution", ni rizolva isiyojibu au SERVFAIL. Subiri sekunde chache urudie. Programu inayoishi miezi bila kuzimwa isitunze anwani milele kwenye kigezo chake. Iulize upya kila inapounganisha, la sivyo siku seva itakapohama itabaki ikigonga mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Ukilazimika kumpigia mtoa huduma

Mtumie matini, si picha ya brauza: jina lenyewe, saa uliyouliza, jibu zima la `dig` kwa rizolva yao, na jibu zima la `dig @1.1.1.1` lililochukuliwa dakika hiyohiyo. Ukiwa na hayo manne mkononi, fundi wa zamu hana haja ya kukuambia uzime ruta.